Saa Haikutetema

Asubuhi kwenye duara la Magesa, shimo la dhahabu nje kidogo ya Masumbwe, siku hizi pana kimya. Winchi inalia, kompresa inanguruma, wanawake wanaponda mawe kwa nyundo, lakini aliyepazoea mahali pale anajua kuna kitu kimepungua. Ni sauti ya Mihayo. Alikuwa akishuka ngazi huku akiimba nyimbo za kulimia za Kisukuma, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na hata alipokwisha kumezwa na giza wimbo uliendelea kupanda kutoka shimoni kama moshi. Watu walidhani anaimba kwa furaha. Lusia, mkewe, ndiye peke yake pale aliyejua kwamba Mihayo alipaza sauti kwa kuwa hakuisikia.

Baruti zilimla masikio kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula nguzo ya nyumba: kwa nje imesimama, kwa ndani ni vumbi. Mtu akisimama mbele yake alimwelewa kwa kumtazama midomo. Akiwa nyuma yake, kwa Mihayo ni kama hakuwepo. Vijana walimpa shikamoo mgongoni, wakakosa marahaba, wakasema mzee ana maringo. Mihayo aliwaacha waseme. Maringo hayamfukuzi mtu kazini. Uziwi unamfukuza, maana Magesa, mwenye duara, alishatamka mbele ya wote: asiyesikia bomba likigongwa hashuki.

Duara lile na la jirani yalikuwa yametobokeana huko chini. Jirani alipotaka kulipua mwamba, lile bomba la chuma linaloshuka shimoni liligongwa, watu wakatoka, ndipo Cornel, mlipuaji wa upande wa pili, akawasha utambi. Aliyebaki chini angefikiwa na mawe kabla ya kujua yametoka wapi.

Asteria, binti yao anayefanya kazi saluni Kahama, ndiye aliyemnunulia baba yake saa janja, ya kuchaji, inayotetema mkononi. Mihayo akaitega iteteme kabla ya muda wa baruti, ambao kila siku ulikuwa ule ule. Tangu hapo akawa wa kwanza kutoka, hata kabla bomba halijagongwa. Wenzake wakamtania kwamba ananusa baruti kama mbwa.

Kisha saa ikachoka. Chaji iliyokuwa ikikaa siku kadhaa ikawa haimalizi moja. Halafu likaja jambo lililomwogopesha zaidi: ilizimika alfajiri, wakati ule ule iliotakiwa kumwamsha, ingawa alilala akiiona ina chaji nusu. Akaenda na Lusia kwa Edson, fundi simu pale stendi.

Edson aliibonyeza. Ikatetema kidogo tu, kioo kikawa cheusi.

"Umeona, mzee? Inakuonyesha chaji ambayo haina. Kukuonyesha saa inaweza. Ukiiambia iteteme, nguvu hiyo haina, inakata. Na hebu tazama ubavuni, kioo kimeanza kunyanyuka. Betri imevimba. Hii si ya kungoja."

"Utaiweka nyingine leo?"

"Nyingine inatoka Mwanza. Niachie mpaka Jumatatu."

Mihayo aliichukua saa mezani kwa haraka. "Nitakuletea nikipata nafasi."

"Mzee, unaogopa nitaivaa mimi?" Edson alicheka.

Njiani Lusia alimzunguka, akasimama mbele yake. "Baba Asteria, sema unaumwa. Pumzika mpaka Jumatatu."

"Nikilala siku moja, sehemu yangu ina mtu mwingine. Nitaichaji usiku kucha. Haiwezi kunitupa."

Lakini usiku ule Lusia alimwona amekaa kitandani, ameiweka saa shavuni kama mtu anayesikiliza kama mgonjwa bado anapumua.

Alhamisi, bomba likagongwa. Vijana wakatoka mmoja mmoja, wamejaa vumbi, wakavaa ndala walizoziacha mdomoni mwa duara. Thobias, mshika winchi, akapiga mluzi kuelekea kwa jirani: tumetoka. Lusia, aliyekuwa akiponda mawe na wenzake, aliinua macho akaona jozi moja ya ndala imebaki. Za bluu, kisigino kimeliwa upande mmoja.

"Thobias, Baba Asteria yuko wapi?"

"Si alitoka zamani? Yule na baruti ni ndugu. Atakuwa bondeni anaoga."

"Ndala zake hizi hapa."

"Kaenda peku. Mama, kwani umeshamkumbuka mumeo? Si mmeachana asubuhi tu!"

Vijana wakaangua kicheko. Lusia akatazama bondeni. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi wawili na dimbwi. Akisema kwamba hasikii, na Mihayo akatokea nyuma ya kichaka akijifuta maji, atakuwa amemnyang'anya kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Aliendelea kulishika lile neno kinywani, na lilikuwa chungu.

Cornel akachomoza upande wa pili, anakimbia. "Nimeshawasha! Sogeeni!"

"Mume wangu yuko chini!"

"Mama, bomba limegongwa," Thobias alisema, sasa bila kucheka. "Kama yuko chini kasikia. Yuko kwenye ngazi."

"Hasikii! Kweli gete, hasikii! Ana miaka hasikii!"

Hakuna aliyeshuka. Utambi ukishawaka hauitwi kurudi, na kila mmoja pale alikuwa na watoto. Thobias aliokota chuma akaanza kuligonga bomba tena, kwa nguvu, kama mwendawazimu.

"Acha hilo," Lusia alisema. "Zima kompresa."

Kompresa ilikuwa imeachwa ikipuliza, kama kawaida, ili isukume moshi baada ya mlipuko.

"Ile ndiyo hewa yake, Mama! Unataka kumuua?"

Pale machimboni mtu anaweza kumwibia mwenzake mawe na akasamehewa. Kumzimia hewa aliye chini hakusamehewi.

"Atahisi. Hasikii, lakini atahisi hewa ikikatika. Zima!"

Thobias alirudi nyuma. Lusia akaenda mwenyewe, akavuta kishikio kama alivyowaona wakifanya kila jioni. Ngurumo ikafa. Hapo ndipo hofu ilipomfikia kwelikweli: Cornel na mawe yake wasipomuua Mihayo, basi yeye mwenyewe amemuua. Alisimama akiutazama mkono wake uliovuta.

Ngazi ikatikisika.

Ikatikisika tena, kwa kasi. Mwanga wa tochi ya kichwani ukapanda, kisha mkono, kisha bega. Thobias alimkamata shati akamvuta, wakaanguka wote juu ya kifusi, na ardhi ikaruka chini yao. Vumbi likafoka kutoka shimoni, jeupe kama unga.

Mihayo alikohoa, akainuka na hasira. "Nani kazima hewa? Nani?" Alizungusha macho kutoka mdomo hadi mdomo. Midomo yote ilikuwa imefungwa.

Nyuma yake Thobias akasema polepole, "Shikamoo, mzee."

Mihayo hakugeuka.

Lusia alimjia kwa mbele. Akamshika mkono, akaugeuza, akamwonyesha kioo cheusi. "Haikutetema," alisema taratibu, ili aone kila neno. "Na mimi nimewaambia."

Mihayo aliutazama mdomo wa mkewe muda mrefu, ukiwa umeshafungwa. Kisha akaketi chini na kuanza kutetemeka, meno yakigongana, juani kabisa, mpaka Cornel akavua koti lake akamfunika.

Jioni Magesa alikuja nyumbani. Alisimama vizuri mbele yake. "Kaka, sikufukuzi kwa ubaya. Ila siwezi kulala nikijua uko chini."

"Hata mimi silali," Mihayo alijibu.

Jumatatu Edson aliweka betri mpya, na saa inatetema kama ilivyokuwa. Mihayo hakushuka tena. Sasa yuko Kagongwa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako anaanika mpunga juu ya maturubai.