Dirisha Lililolala Ubavu

Rubeni aliezeka nyumba kwa haraka kuiwahi mvua, na haraka haraka unaijua. Walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, huko Kenyamonta, nyumba zilipangwa mistari miwili, milango ikitazamana, barabara katikati. Alikuwa amebeba fremu zote za nyumba ya zamani. Ile ya mlango wa nyuma ilipozidi, akailaza ubavu, akaifanya dirisha. La chumba cha kulala, tena. Likaelekeana na mlango wa baba yake, Mzee Mseti.

Sasa wewe niambie, Mkurya gani mwenye heshima zake atafungua mlango asubuhi akione kitanda cha mkwe wake? Tangu hapo mzee alitoka kwake amegeuza uso, akapita nyuma ya mazizi. Uani kwa Wegesa, mke wa Rubeni, hakutia mguu tena. Chakula alichopelekewa alionja tu, akarudisha. Wegesa alimpenda mzee yule kama baba aliyemzaa, na jambo lile lilimuuma.

Jumapili moja, wakitoka kanisani, shoga yake Felista akasema hivi hivi tu njiani kwamba wiki ijayo, siku ya shukrani ya mavuno, wale pamoja.

"Kwako," akasema. "Uani kwako ni kupana. Kila mtu aje na chungu chake."

"Haya," Wegesa akajibu. Walikuwa wamefika mtoni ndipo akili ikamrudia. Mzee asipokuja kubariki chakula, hiyo itakuwa shukrani gani?

Akaanza kutafuta pazia. Duka la ushirika lilikuwa na kaki ya wanafunzi tu, nayo kwa mgao. Felista akamwazima mapazia yake mawili, lakini upana hayakufika na urefu yaliburura sakafuni. Wakayageuza ubavu, maua yakalala chali kama yamekunywa togwa iliyochacha. Walicheka, lakini Wegesa hakucheka sana. Jioni ya Ijumaa akatoa doti yake ya kanga, akaunganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu, akapitisha kamba. Likaenea lote. Akalala roho kwatu.

Asubuhi mzee akafungua mlango, akatazama, akaurudisha taratibu. Hakutoka mpaka jua lilipokuwa kali.

Wegesa alichanganyikiwa. Alisimama barabarani akachungulia dirisha lake mwenyewe: kitanda hakionekani, hata mguu wake. Mzee anakimbia nini tena? Akakaza kamba. Akamuuliza Rubeni, naye akakuna kichwa akasema wazee ndivyo walivyo. Jibu gani hilo? Alishinda siku nzima akichagua maharage bila kuyaona, akijiuliza kama mzee amemchoka, na dirisha ni kisingizio.

Asubuhi ya shukrani mama mkwe, Mokami, akaja na mzigo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako anauliza, hizo nguo zako umemtundikia azitazame?"

Wegesa akageuka kulitazama dirisha. Kanga zile alizifunga kiunoni kila Jumapili, na mzee alimwona. Nguo ya mwilini mwa mkwe haitazamwi, hilo alilijua tangu alipoolewa. Amekificha kitanda kwa kuanika nguo zake mlangoni kwa baba mkwe. Alitaka ardhi immeze.

"Nilitaka aje kula, mama," akasema.

"Naye anataka kuja." Mokami akautua mzigo, akaukunjua. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, pana, yenye mabaka meupe. "Ni ya dume alilochinja siku ulipoletwa kwetu. Ameitunza miaka yote. Hakuna aliyeilalia."

Rubeni akaipigilia misumari dirishani kabla ya kwenda kanisani. Ilienea, ikabaki na kipande.

Mchana, vyungu vimeshapangwa uani na watu wamekaa, Mzee Mseti akafungua mlango wake. Akavuka barabara moja kwa moja, kigoda mkononi. Akasimama mbele ya dirisha, akalitazama bila haraka, kisha akakaa.

"Mura," akamwita kijana wake Rubeni, "muulize mwenye nyumba kama ugali umeiva. Nina njaa ya tangu tuhame."

"Umeiva," Wegesa akaitikia kutoka jikoni, kabla Rubeni hajafungua mdomo.