Misumari Kumi na Minane ya Madam

Siku yangu ya kwanza kulinda mji wa kale pale Dubai, nilikaribia kurudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Nasema wazi ili nyinyi vijana mnaoingia kazi ya usoja msidhani nilizaliwa nikijua. Shule niliacha darasa la tano, lakini kampuni nzima hakuna aliyesimama lindoni kama mimi. Waulizeni.

Lindo lenyewe lilikuwa kuta fupi za mawe zilizochimbuliwa mchangani, zimezungukwa na majumba ya matajiri. Kukabidhiwa zamu ni kutembezwa na kuonyeshwa kila kitu ndipo utie sahihi. Yule niliyempokea alikuwa na haraka ya basi la kwenda International City, mtaa tuliokuwa tunalala. Akaniambia tu, "Weka safi, madam anakuja saa nne."

Mimi na usafi! Ndani ya shimo moja nikaona misumari imechomekwa ukutani, kila mmoja na kikaratasi cha namba. Nikadhani ni uchafu wa mafundi. Nikaing'oa yote kumi na minane, nikaipanga mezani nikisubiri sifa.

Suparavaiza, Mtanzania mwembamba, alishika kichwa. "Kaka, umetumaliza! Hiyo ndiyo inayoonyesha udongo wa zama zipi unaishia wapi!"

"Matundu bado yapo," nikasema.

"Basi chomeka, yalla, haraka! Namba yoyote, nani atajua? Madam akikuta hivi, viza yako khalas."

Nikashuka shimoni, jasho likinitoka mpaka kwenye soksi. Kwetu nimechimba visima, udongo naujua. Tabaka la majivu nililiona, la maganda ya chaza pia. Lakini namba ipi ni ya tundu lipi? Nikachomeka miwili, mkono ukakataa. Kisimani ukidanganya kuhusu udongo, mtu anafukiwa. Nikaichomoa.

Madam, mtaalamu wa kuchimbua mambo ya kale kutoka jiji la Lima, alifika saa nne kamili. Nikamwonyesha misumari kabla hajavua miwani ya jua. Suparavaiza akatazama barabarani kana kwamba hanijui.

Madam aliihesabu mmoja mmoja. Nikaanza kupanga nitakavyomwambia mama watoto.

"Mjini kwetu kuna piramidi ya matofali ya udongo katikati ya magorofa," akasema mwishowe. "Ilijengwa kabla ya wafalme wa Inka. Mlinzi aliangusha matofali, akayarudisha kimya kimya. Tuliusoma uongo wake miaka mitatu." Akafungua daftari la michoro. "Ungeichomeka, ningeamini. Shika tepu."

Tulipima siku tatu. Misumari kumi na saba ilipata matundu yake. Wa kumi na nane Madam alikuwa hajauchora, na ukutani palibaki matundu mengine ya zamani. Akaandika kwenye kibao cha wageni: umri wa tabaka lake haujulikani.

Nilikaa lindo lile miaka kumi na mitano, chini ya masuparavaiza wanne, na hakuna jiwe lililopotea mikononi mwangu. Nimestaafu na nyumba ya mawe Kitui, niliyoijenga mwenyewe. Lakini kila kundi la wageni lilipofika kwenye lile shimo, mtu aliuliza udongo ule usio na umri ni wa lini. Nami niliwajibu vilevile: aliyefuta umri wake ni mimi. Kisha nikasubiri nisikie watasema nini.