Ng'ombe Aliyepakwa Oili

Hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilizibeba kwenye pikipiki tangu Kyumbi mpaka mlimani. Mafundi wa kuchimba visima walikuwa wamesimamisha mtambo wao jirani na boma la mama mmoja mjane. Mama huyo alinipigia simu mimi, afisa wa mifugo, akasema ng'ombe wake wa pekee ana siku mbili hajala. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na mimba kubwa.

Nilipofika sikwenda hata kumwona mgonjwa. Nilienda moja kwa moja kwenye mtambo. Chini yake palikuwa na doa jeusi la oili, na mkondo mwembamba ulishuka hadi kwenye shimo la matope. Nikatoa fomu yangu ya kukagua hatari: maji, nyasi, udongo. Nikahesabu hatua kutoka shimoni hadi mahali ng'ombe anapofungwa, kisha nikampa fundi mkuu mahubiri ya kutosha ibada tatu. Alijibu kwa upole kwamba shimo walilizungushia miiba tangu siku ya kwanza na hakuna mnyama aliyelikaribia. Sikumsikiliza. Kwenye nafasi ya chanzo cha uchafu niliandika "uzembe wa wachimbaji," nikapigia mstari.

Ndipo nikaenda kwa ng'ombe. Alikuwa anang'aa kama viatu vya mwalimu mkuu siku ya kufunga shule, kuanzia shingo mpaka kwato. Alijilamba bega, na pumzi yake ilinuka gereji.

"Mwaitu," nikamwambia mama, kwa maana ndivyo Wakamba tunavyowaita mama zetu, "huyu amepakwa nini?"

"Oili chafu. Niliomba hao vijana wa mashine wakanipatia debe. Niko na kupe mingi sana hapa."

"Na nani alikwambia oili ni dawa ya kupe?"

Akanitazama kwa huruma. "Si ni wewe, daktari. Kwa baraza ya chifu. Ulisema tupake nguzo ya boma, mchwa haitakula. Nikaona kama inashinda mchwa, kupe ni nini?"

Nililikumbuka baraza lile. Nilipigiwa makofi. Nilitaja nguzo tu, ndiyo, lakini huku kwetu kila boma lina kopo la oili chafu, la bawaba, la nguzo na la punda mwenye ukurutu. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Mchimba kisima huingia mwenyewe; mimi niliwachimbia wachimbaji, nikaingia. Niliona haya, kisha nikaogopa, kwa sababu nilipoweka ngumi ubavuni kushoto kupima linavyosaga chakula, tumbo la ng'ombe liligeuka kwa uvivu mno.

Nilirudi kwa fundi mkuu kuomba radhi, na maji. Kisima kilikuwa kimeanza kutoa asubuhi hiyo, maji yenye rangi ya chai. Hakunicheka mbele yangu. Alivuta mpira, akaita wenzake wawili, tukamsugua ng'ombe kwa sabuni ya kipande mpaka povu jeusi likawa jeupe.

"Hata pasta wa kubariki kisima hajaonja hii maji," mama alisema, na aliona fahari.

Nilirudi siku ya tatu. Mabua yalikuwa mbele ya ng'ombe, hayajaguswa, na mama hakuwa na utani tena. Sikuwa na dawa ya kumpa. Kwa kukosa la kufanya, niliegemea ua nikatoa ile fomu, nikafuta "uzembe wa wachimbaji," nikaandika "ushauri nusunusu wa afisa wa mifugo." Nilikuwa natia sahihi karatasi iliponiponyoka. Nilidhani ni upepo.

Ilikuwa mdomoni mwa ng'ombe. Aliitafuna polepole, macho nusu yamefumba, pamoja na sahihi yangu.

Nikanyoosha mkono niivute. Mama akanishika kwa nguvu, machozi yakimtoka huku anacheka.

"Wacha, daktari," alisema. "Anakula."