Mlimani au Bondeni

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi ya parokia nikingoja cheti, wakaingia mtu na mke wake. Ndio waliotumwa kuchagua mahali ambapo familia za parokia zitapiga mahema kwa siku chache za sala.

"Tuende mu bonde, ndani ya pori," mume alimwambia karani. "Maji iko karibu, na rezo ya telefone haiko hata kidogo. Batu bataomba bila telefone."

Karani akashika kalamu. Mke akaweka kiganja juu ya meza, polepole.

"Mutoto wetu eko Lubumbashi, anangoja kuzaa. Weye utaweza kuomba bila kujua habari yake?"

Mume akamgeukia karani.

"Kule ku mulima rezo iko," akasema, "lakini maji iko mbali."

"Minyi nitachota," mke akajitolea.

"Hapana," mume akasema, akijigusa kifua. "Minyi njo nitachota. Weye utabakia na telefone."

Karani akaandika: mlimani.

Wahubiri hutuambia tuache simu nyumbani ili tusali vizuri. Mimi sijaona bado anayesali kumshinda mama anayengoja simu ilie.