Kivuli Juu ya Theluji

Mama mdogo wangu alisomea uuguzi Ujerumani ya Mashariki, alikopelekwa kutoka Unguja akiwa msichana. Alipohamia kwetu Nizwa, Omani, kufanya kazi hospitali, alikuja na sanduku moja la nguo na kitabu kikubwa cha picha za wachoraji wa Kijerumani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka kumi na tatu, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikenda kwake kukifungua.

Kusoma Kijerumani sikujui, nikitazama picha tu. Misonobari iliyoelemewa na theluji, mto ulioganda, kanisa bovu katikati ya miti isiyo na jani hata moja. Maswali yalinijaa. Theluji ina harufu? Ukiikanyaga inatoa sauti?

"Inalia," aliniambia. "Kama wanga wa muhogo ukiuminya mkononi."

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni vivuli. Vilikuwa buluu. Siku moja skuli tukaambiwa tuchore majira ya baridi, nami nikachora theluji yenye vivuli vya buluu. Abla, mwalimu wetu wa Kimisri, akatikisa kichwa.

"Kivuli ni cheusi, ewe binti. Umeona wapi kivuli cha buluu?"

Nikamshitakia mama mdogo. Nilitaraji atanitetea, lakini alicheka.

"Wallahi sijui. Nimekaa na theluji miaka minne, na rangi ya kivuli chake siikumbuki."

Nilistaajabu. Mtu anaishije ndani ya kitu asikione?

Mwezi wa Januari habari zikaenea kuwa theluji imeanguka juu ya mlima wa Jabal Shams. Nikamng'ang'ania baba, na asubuhi tukapanda na gari lake, sote watatu, pamoja na mama mdogo. Juu hakukuwa kama kitabuni. Theluji ilikuwa mabaka mabaka baina ya mawe, nusu yake imeshachanganyika na tope. Nilipiga magoti, nikanyoosha mkono juani, kivuli chake kikaanguka juu ya theluji.

"Mama mdogo, njoo! Buluu!"

Akainama karibu yangu, akatazama kitambo. "Kumbe," akasema polepole. "Miaka minne yote ile."

Baba, ambaye kitabu kile hajapata hata kukigusa, alikuwa amesimama mikono mfukoni. "Sasa mnashangaa nini?" akasema, akiinua kidevu. "Si mbingu hiyo?"

Tukatazama juu, kisha chini. Ilikuwa rangi ile ile.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari tulikutana na bibi mmoja wa mlimani na mbuzi wake. Tukamwamkia. Akatuuliza kwa Kiarabu tumefuata nini huku. Nikamjibu kwa furaha: theluji.

"Hii?" akasema. "Hii imeniulia wana-mbuzi wawili."

Sikujua pa kuweka uso. Mama mdogo akamshika mkono, akampa pole, kisha akavua sweta lake zito akamvika.

Baada ya sala ya Magharibi, nyumbani kwake, mama mdogo akakifungua kitabu mwenyewe. Akapekua mpaka picha ya msitu ambayo nikidhani naijua yote, akaweka kidole pembeni kabisa. Pale, kwenye kitu nilichokuwa nikikiona kisiki, palikuwa na mtu mdogo, kabeba mzigo wa kuni mgongoni, anaelekea kwenye kibanda.

"Huyu vidole vyake havina hisia tena," akasema. "Nawajua watu hawa."

Ndipo akanihadithia mambo ambayo, nadhani, hakuwahi kumwambia mtu: jinsi alivyokuwa akijaza magazeti ndani ya viatu kukinga baridi, jinsi alivyolia chooni ili wenziwe wasimsikie, na jinsi alivyomwandikia mama yake kila wiki kwamba hali ya hewa ni nzuri.