Milango Ndani ya Mkono

Kila asubuhi, kabla ya kufungua zahanati, yule dresa, mfunga vidonda wa kijiji chetu, alikaa kizingitini akiutazama mkono wake. Kwa kidole kimoja aliubana mshipa wa buluu karibu na kifundo, kwa kingine akaisukuma damu kuelekea kiwiko. Mshipa ulilala bapa kama kijito cha kiangazi. Akikiachia kidole cha chini, ulijaa tena polepole, naye alitabasamu peke yake.

"Dresa, unajibonyeza kama unachagua kambale!" mama yetu alimtania akipita na ndoo ya maji ya ziwa.

"Naangalia milango, mama. Imo humo ndani, midogo. Damu ikishapita hairudi nyuma."

Siku panga lilipomteleza mama akikata mafunjo, damu ilimtoka mkononi ikiruka, ikipumzika, ikiruka tena. Sisi tulikuwa tumemfunga khanga chini ya jeraha, upande wa vidole. Dresa aliifungua akaikaza juu ya jeraha, upande wa kiwiko.

"Hii siyo ile ya mshipa wa buluu," alisema, sauti kama ya kubembeleza mtoto. "Hii inatoka moyoni, mshipa wake una kuta nene, inapiga. Izuieni inakotokea."

Damu ikatulia. Akashona, akalegeza khanga, kisha akawa anabonyeza kucha nyeupe za mama moja moja, akingoja damu irudi. Tulingoja wote. Wekundu ulipoingia kwenye kidole gumba, alinawa mikono, akachukua mkoba, maana boti ya kwenda Nansio, alikohamishiwa kazi, ilikuwa inamsubiri.

"Shikamoo," nilimwambia mgongoni.

"Marahaba," aliitika bila kugeuka, na kizingiti kile hakukikalia tena.