Chini ya Tangi la Maji

Kwa miaka ishirini na sita alisimamia chumba cha kufulia cha hospitali, na watu wote pale, kuanzia madaktari hadi wafagiaji, walimwita Bi Mashuka. Hakuchukia. Shuka aliijua kwa kuigusa tu: hii imesuuzwa harakaharaka, hii imeungua kwenye pasi, hii wiki ijayo itachanika katikati. Hakuolewa wala hakuzaa. Nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake aliitunza kama mboni ya jicho.

Alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani, wakamwimbia, kisha wakarudi kazini. Yeye akarudi nyumbani, akaitundika ile saa, akakaa kuitazama. Mwezi haujaisha alikuwa ameshafua hata mapazia ya jirani.

Alikuwa na kaka mmoja, aliyemtangulia kwa miaka sita. Huyu alikuwa fundi umeme bandarini, na fahari yake kubwa duniani ilikuwa mashua ya matanga, ya mbao, yenye kijumba chini ya sitaha: vitanda viwili, jiko la gesi la mafiga mawili na choo ambacho mtu mnene angeingia kinyumenyume. Magoti yalipoanza kumgomea, kupanda na kushuka kukawa adhabu. Siku moja alikuja kwa dada yake, akaketi chini ya ile saa.

"Dada, unazeeka humu ukisikiliza saa ikikwambia unazeeka. Chukua mashua. Uza hii nyumba, uhamie majini. Nitakufundisha kila kitu."

"Mimi? Mimi naweza kuzama kwenye beseni."

"Wewe uliyekuwa ukiamrisha mashine za kufulia zinazotetemesha jengo zima? Acha hizo. Umezaliwa nahodha, hukuambiwa tu."

Angeyasema hayo mtu mwingine, angemcheka. Lakini huyu ndiye aliyemfundisha baiskeli, akikimbia nyuma yake na kushika kiti. Ndiye aliyemsindikiza kwenye usaili wa ile kazi ya hospitali na kumsubiri nje kwenye jua. Kuna watu waliomshauri atafute fundi aikague kwanza. Alikataa. Kumletea kaka yako mkaguzi, alisema, ni kama kunusa chakula ulichopakuliwa na mama yako. Akauza nyumba, akalipa bei aliyotajiwa bila kuomba apunguziwe, akahamia majini na masanduku mawili.

Na kaka, tumpe haki yake, alifundisha kweli.

Miezi mitatu alikuja karibu kila siku, akikalia kiti cha kukunja pale gatini na fimbo yake mapajani, akielekeza kwa sauti. Alimfundisha mafundo manne tu. "Wanaojua mafundo arobaini hawajui hata moja." Alimfundisha kutoa hewa kwenye bomba la mafuta ili mashine iwake, na kufunga valvu ya choo kila baada ya kukitumia, maana choo cha mashua kisipofungwa huleta bahari yote chumbani. Alimwonyesha jinsi ya kuzifunga kamba mbali na mlingoti ili zisiupige usiku kucha na kumtia wazimu.

Dada mwenyewe alijifunza mengine. Kwamba kila kitu kisichofungwa kitaanguka, na kitaanguka juu ya mayai. Kwamba nguo hupata ukungu hata ndani ya sanduku. Kwamba dari fupi halina adabu: wiki ya kwanza alikuwa na nundu tatu kwenye paji la uso, na kila alipojigonga kaka alipaza sauti kutoka gatini, "Inakusalimu! Itikia!"

Upande wa matanga hakuhitaji kufundishwa sana. Alilipapasa tanga kubwa kwa vidole, akasema hapa patachanika, na kabla ya wiki kwisha lilichanika papo hapo. Kaka alipiga makofi kama mtoto. Siku alipoitoa mashua nje ya ghuba na kuirudisha peke yake, aligusa gati taratibu kama mtu anayeweka kikombe mezani. Kaka alisimama, magoti na yote, akamwambia, "Mama angekuona." Usiku ule Bi Mashuka alilala akitabasamu.

Mahali pamoja tu hakupafundisha. Chini ya kitanda cha mbele kulikuwa na tangi la maji ya kunywa, kubwa, limebanwa kwa vyuma. Dada alitaka kulitoa asafishe nyuma yake, maana mtu wa usafi hawezi kulala juu ya mahali asipopajua. Kaka alishuka ngazi siku hiyo kwa taabu, akamshika mkono.

"Hapo usijisumbue. Ukiling'oa utavunja mabomba. Huko nyuma ni pakavu kama kiberiti."

Akaliacha.

Mwezi wa tano maji yakaanza kuingia. Mashua yoyote ya mbao hunywa kidogo, na maji hayo hukusanyika chini kabisa, kwenye bonde liitwalo ngama, yakatolewa kwa pampu ya mkono. Mwanzoni alipampu mara chache asubuhi kabla ya chai. Baadaye akawa anapampu asubuhi na jioni. Kisha ikawa hawezi kwenda sokoni bila kuharakisha kurudi, kama mama aliyeacha mtoto na mlezi asiyemwamini.

"Mbao zinakunywa," kaka alimwambia kwenye simu. "Zitavimba, zitajifunga zenyewe. Subira, dada."

Akasubiri. Kaka kasema.

Asubuhi moja aliamka, akateremsha miguu, ikaingia kwenye maji hadi vifundoni. Kandambili zake zilikuwa zikielea kuelekea jikoni. Alichota maji kwa kiganja, akayaonja, kama kaka alivyomfundisha: yakiwa matamu ni mvua au tangi, yakiwa ya chumvi ni bahari imekuja kukutembelea. Yalikuwa ya chumvi.

Alipampu mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yalipopungua alichukua spana, akafungua vile vyuma, akalivuta tangi. Mabomba hayakuvunjika. Yalitoka kwa urahisi, kana kwamba yalikuwa yamezoea kutolewa.

Nyuma ya tangi mbao zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe nzito, mpya kuliko rangi yote ya ndani, na chini ya rangi palikuwa na lami. Kaka alikuwa amemfundisha pia kugonga mbao kwa mpini wa nyundo na kusikiliza: mbao nzima hujibu kama mlango, mbao iliyooza hujibu kama godoro. Akagonga. Godoro. Akasogea, akagonga. Godoro. Akachukua bisibisi na kuisukuma taratibu, bila nguvu yoyote, nayo ikazama hadi kwenye mpini.

Palikuwa na fundi mmoja mwenye yadi ya kukarabati vyombo upande wa pili wa ghuba, mzee mwenye maneno machache na penseli sikioni. Alikuja siku ile ile, akapiga magoti mbele ya lile tundu, akamulika tochi.

"Mama, nani alikuuzia?"

"Kaka yangu."

"Kaka wa kuitana tu, au wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

Fundi akazima tochi. "Hii mimi naijua. Mwaka juzi aliniita. Nilimwambia mbavu sita zimekwisha, na ubao mkubwa wa chini umeanza kuoza. Nikamwambia ama aitengeneze, ama aivunje, lakini mtu asilale ndani yake. Akasema atafikiria." Alitazama rangi nyeupe. "Naona alifikiria."

Bi Mashuka hakulia. Alimwuliza kama mashua itaweza kuvuka ghuba hadi yadini, fundi akasema ndiyo, kama pampu haisimami. Wakavuka, yeye akipampu, fundi akishika usukani. Winchi ilipoiinua na kuiweka juu ya magogo, alinawa mikono, akabadili gauni, akaenda kwa kaka yake.

Ilikuwa alasiri. Kaka alikuwa sebuleni, miguu kwenye kigoda, akisikiliza mpira redioni. Mkewe alimkaribisha kwa shangwe ya siku zote. "Wifi! Karibu, wifi yangu. Mbona umekonda?"

Dada hakuketi. "Nimelitoa tangi."

Kaka akazima redio. Hakuuliza tangi gani.

"Ulijua," dada akasema.

"Nilijua pana udhaifu kidogo."

"Fundi alikwambia mtu asilale pale. Mimi nimelala pale miezi mitano, kaka. Kichwa changu kilikuwa upande ule ule."

Kaka alipapasa magoti yake. "Nilidhani itavumilia. Magoti yalikuwa yameniisha, matibabu yalihitajika, na yule mjinga wa fundi alitaka kuivunja. Ningemwuzia nani? Mtu baki angenifikisha mahakamani. Wewe ni dada yangu. Wewe nilijua utanielewa."

Alilisema hilo la mwisho kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Dada alisimama akilitafakari. Katika watu wote wa mji ule kaka alikuwa ametafuta yule asiyeweza kumshtaki, akamkuta yuko karibu, anatazama saa.

"Kwa hiyo yale yote," akasema, "baiskeli, usaili, Mama angekuona. Ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Yale yalikuwa kweli, dada."

"Ndiyo maana yanauma."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. "Mimi nilimwambia asikuuzie," akasema haraka. "Muulize. Nilimwambia mara mbili."

"Ulimwambia yeye. Mimi uliniambia nini, wifi?"

Wifi akaweka sinia mezani. Dada akakumbuka kwamba ni huyu huyu aliyemshonea mapazia ya vidirisha. Alikuja mwenyewe na futi ya kupimia, akakaa kwenye kitanda cha mbele, juu ya lile tangi, akatoa pini mdomoni na kusema chumba kimependeza sana.

Aliondoka bila kunywa chai.

Mashua ilikaa juu ya magogo miezi minne, naye akaishi humo humo, hana pengine. Kwenda nyumbani ilikuwa kupanda ngazi ya futi kumi na mbili na ndoo mkononi. Choo hakikufanya kazi nchi kavu, hivyo alitumia cha yadi, na mafundi walijifunza kupiga hodi. Akiba yake iliishia kwenye mbao, na alipoona haitoshi alimwambia fundi, "Nifanye kibarua wako." Fundi akamtazama mikono, akampa patasi.

Alichimba uozo kwa mikono yake. Ulitoka laini na mweusi, ukinuka kama shuka zilizosahaulika ndani ya pipa. Siku nyingine alichimba kwa utulivu. Siku nyingine alichimba akimtukana kaka yake kwa sauti, na fundi aliondoka kimyakimya kwenda kutafuta misumari ambayo hakuihitaji. Walitia mbavu mpya, ubao mpya, wakaziba nafasi kwa pamba na lami. Kazi nzito kweli ilikuwa jioni, alipokaa kwenye ngazi na kuanza kupitia maneno ya miezi mitano iliyopita, moja moja, akiyagonga kusikia lipi ni zima.

Mwezi wa pili kaka alikuja, amebebwa na teksi, na sanduku la vifaa.

"Nimekuja kusaidia."

"Weka hapo chini," dada alijibu kutoka juu ya ngazi, wala hakushuka. Kaka alisubiri, fimbo ikichimba mchanga, kisha akarudi kwenye teksi. Ndani ya sanduku mlikuwa na randa nzuri. Aliitumia siku mbili, akaifuta, akaitia mafuta, akalirudisha sanduku zima kwa mkono wa fundi.

Siku ya kuishusha majini kaka alikuwepo tena, amesimama mbali, nyuma ya winchi. Hakuna aliyemwita. Mashua iligusa maji, ikayumba, na upepo wa ubavuni ukaanza kuisukuma kuelekea kwenye nguzo. Dada alikuwa ameikaza kamba ya nyuma kwa nguvu zake zote.

"Legeza!" kaka akapaza sauti. "Legeza ya nyuma, vuta ya mbele!"

Alilegeza. Alivuta. Mashua ikageuka kwa adabu, ikapita nguzo kwa upana wa kiganja. Kaka alikuwa amesema kweli, kama alivyokuwa akisema kweli kuhusu kila kitu isipokuwa mahali pamoja, na hasira iliyompanda dada ilizidi ile ya siku ya sebuleni. Alishuka kwenye ngama, akagusa chini kwa kiganja. Pakavu. Akakaa pale sakafuni, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, alipolia.

Sasa ni mwaka wa tatu anaishi majini, kwenye gati la upande wa fundi. Kaka na dada wanakutana misibani na wanapeana mkono. Wifi alituma mapazia mengine; yamo kwenye bahasha yake, hayajafunguliwa. Kila baada ya wiki kadhaa kaka hupiga simu, huuliza mashine, huuliza matanga, na mwisho huuliza kama anaweza kutolewa nje ya ghuba mara moja tu, kabla magoti hayajamfungia ndani kabisa.

"Siku nyingine, kaka," dada humjibu.

Hajasema hapana, na siku yenyewe bado hajaitaja. Huiweka simu kwenye rafu na kwenda kupampu, ingawa siku hizi maji yanayotoka hayajazi hata kikombe.